Kipande Kisichokuwa na Sebene

Okestra yetu ilikuwa na neno "vijana" ndani ya jina lake, na mwanamuziki mdogo kuliko wote, mimi ukinitoa, alikuwa na wajukuu wawili. Hakuna aliyeona ajabu. Walijipa jina lile wakiwa wanafunzi wa shule ya ufundi ya reli, wakati mji wetu wa Kalemie ungali Albertville, na tangu hapo kila kitu kimebadilishwa jina: mji, nchi, pesa, hata wao wenyewe, waliobatizwa majina ya watakatifu wakaamriwa kuchukua ya mababu. Jina la okestra tu ndilo lililosahauliwa. Lilibaki limeandikwa kwa rangi nyeupe juu ya ngoma kubwa, herufi zimeanza kubanduka, na watu wakilisoma walicheka kidogo kisha wakaagiza bia.

Mimi sikuingia humo kwa kujua muziki. Niliingia kwa adhabu. Nilikuwa kalasi ya tano ya sekondari, na asubuhi moja, tumesimama mbele ya bendera, nilitoa hotuba fupi kwa sauti ya perefe, mkuu wetu wa masomo, ambaye huongea kama anayetafuna muhogo mbichi. Hotuba ilipendwa sana. Tatizo ni kwamba perefe alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikapewa kukata majani ya uwanja mzima. Siku ya tatu nilikuwa nakata huku nayahutubia majani, kwa sauti ile ile, nayaambia kwamba yasiyolipa minerval, ada ya shule, yatafukuzwa, ndipo mzee mmoja akasimamisha baiskeli yake barabarani.

"We mutoto, sauti hiyo umeitoa wapi?"

"Kwa perefe, Papa."

"Anajua umeichukua?"

"Anajua. Njo maana nakata majani."

Hakucheka. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba yule mtu hacheki, na kwamba si hasira, ni namna uso wake ulivyowekwa. Aliniangalia kama anayepima ubao kabla ya kuukata. "Siku ya Mungu, saa nane mchana, uje pale nganda, baa ya karibu na bandari," akasema. "Usile sana."

Huyo alikuwa mpiga gitaa la solo, na kiongozi wa okestra. Tulimwita Papa Solo. Siku za kazi alikaa kwenye biro ya gare, ofisi ya stesheni, nyuma ya dirisha la tiketi, akiuza tiketi za treni iliyokuja ilipotaka.

Kwa asiyecheza, lazima nieleze. Wimbo wa kwetu una sehemu mbili. Kwanza mwimbaji analalamika. Mwanamke amemwacha, au amepanda boti kwenda Kigoma, au ameolewa na mtu wa duane, wale wa ushuru. Watu wamekaa, wanakunywa, wanamhurumia kidogo. Kisha gitaa linageuka, ngoma inaanza kukimbia, mpiga kelele anatupa maneno yake, na watu wote wanainuka kwa mara moja kama viti vimeshika moto. Hiyo njo sebene. Zamani ilikuja yenyewe. Lakini miaka ile kila okestra ya Kinshasa ilikuwa imepata mtu wa kupiga kelele, kaseti zao zilikuwa zimefika mpaka kwetu, na Mama mwenye nganda alikuwa amewaambia wazee wazi: bila mpiga kelele, hakuna siku ya Mungu.

Basi nikawa kelele yao. Kila siku ya Mungu, baada ya misa, nilimwambia mama yangu kwamba naenda kurudia masomo. Haikuwa uongo mzima. Nilirudia mambo yale yale kila juma.

Wazee walikuwa wanne. Papa Solo nimekwisha kumsema. Mpiga basi, gitaa la sauti nzito, na mwimbaji walikuwa mashemeji, na walikuwa wamesemezana yote ya kusemezana. Sasa walipeana vitu bila neno, kama watu wa duka moja. Wa nne alikuwa Papa Batteur, mpiga ngoma. Huyu alikuwa amefanya miaka mingi kwenye karakana ya reli, akigonga misumari ya mabehewa kwa nyundo, na masikio yake yalibaki huko huko. Alikuwa anasikia kidogo sana. Lakini alipiga vizuri kuliko wote, kwa sababu alipiga kwa macho. Mwendo aliusoma kwenye mguu wa Papa Solo. Sebene aliisoma kwangu: nikifungua kinywa wazi na kuinua mkono wa kuume, anaondoka nayo. Maneno yangu hayakumhusu. Siku moja nilijaribu. Nilifungua kinywa, nikainua mkono, sikutoa sauti hata kidogo. Aliondoka vilevile, na watu wakainuka vilevile. Nilisikitika, maana maneno ya siku hiyo nilikuwa nimeyatunga wiki nzima, katika saa za hesabu.

Walipokuwa vijana kweli walipiga roki. Roki na ile dansi ya jeki, suruali zimepanuka chini, nywele zimekwenda juu. Walizisikia kwenye redio na kwenye sahani za santuri za mafundi wazungu wa reli, wakaziiga, kisha wakachoka kuiga wakaanza kuharibu wanavyotaka. Papa Solo alichukua wembe akapasua spika ya ampli yake mwenyewe, kusudi gitaa lingurume kama tumbo la mtu mwenye njaa. Mji mzima ulikuwa na ampli mbili na yeye alipasua moja. Spika ile ilikuwa ingali inafanya kazi nilipoingia mimi. Kila siku ya Mungu kulikuwa na mtu mwema mmoja aliyekuja mbele kutuambia kwamba chombo chetu kimeharibika, na kwamba ana ndugu fundi.

Kisha suruali zile zikakatazwa, zikaja abakosti, makoti ya serikali yasiyo na tai. Nao wakapiga walichoombwa. Katika yote hayo walipata wimbo mmoja uliojulikana, wa mwanamke aliyeshuka melini akasahau viatu vyake. Wimbo wenyewe ndio huo. Hakuna zaidi ya viatu. Watu wa Kalemie waliupenda kama ndagala, dagaa wa ziwa lao. Ilikuwa lazima upigwe mara tatu kila siku ya Mungu: mara ya kwanza kwa ajili ya wanaowahi, ya pili kwa ajili ya wanaochelewa, ya tatu kwa ajili ya waliolewa wakasahau zile mbili. Mama yangu aliuimba akiwa na mimba yangu, kwa hiyo mimi nilichoka nao kabla ya kuzaliwa.

Lakini kuchoka kwangu hakukuwa kitu. Nilimwangalia Papa Solo kila ulipoanza. Vidole vilikwenda, na yeye hakuwemo. Macho yake yalikuwa kwenye paa, juu ya bati moja lenye tundu, na nadhani kwa miaka yote ile alikuwa amelijua lile tundu kuliko alivyowajua watoto wake.

Nami nilianza kufanana naye. Hakuna aliyeniambia kwamba kuchekesha ni kazi. Shuleni nachekesha, kwa sababu wananingoja nichekeshe. Walimu wenyewe, ambao mishahara yao haiji, wananingoja. Siku ya posho, yaani Jumamosi, tunakwenda salongo, tunafagia barabara kwa ajili ya nchi, nachekesha na fagio. Siku ya Mungu nasimama kando ya ngoma, watu wanafungua midomo hata kabla sijasema. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilijisikia kama mtu anayetaka kuomba pensheni.

*

Wakati huo Mama mwenye nganda alirudi kutoka Kigoma na mashini. Alikuwa akienda kule kila mara kwa ajili ya vitenge, na safari hii alileta kinanda cha kaseti chenye spika mbili ndefu kama makabati. Akakiweka ukutani kwenye jukwaa letu, kimefunikwa kitambaa, tukapiga mbele yake majuma mawili bila mtu kukitaja. Juma la tatu Papa Solo alituita uani, mahali chupa tupu zinapopangwa.

"Mmekiona," akasema.

"Nani hakukiona," akasema mwimbaji. "Kina viatu ndani. Nimemsikia mutoto wake anakijaribu. Sauti yangu ya zamani, nilipokuwa na meno yote."

"Basi tukiendelea kupiga viatu, kitatushinda. Kinajua viatu kuliko sisi, na hakinywi."

"Ndiyo. Sasa?"

Papa Solo akasema kwamba ana kipande. Alikitunga bironi, siku ambazo treni haikuja, na siku hizo zilikuwa nyingi. Hakikuwa na maneno. Kilikuwa cha dakika kumi na saba. Kilikuwa cha watu wanaongoja gareni.

"Wanangoja halafu?" akauliza mpiga basi.

"Wanangoja."

"Na sebene inaingia wapi?"

"Hakuna sebene."

Mwimbaji alikaa juu ya kreti. Alikuwa mtu mnene na kreti ikalalamika. "Ndugu yangu," akasema polepole, "dakika kumi na saba, bila maneno, bila sebene. Mimi nitakuwa nafanya nini? Nitakuwa nauza karanga?"

"Utakaa."

"Watu wanataka kucheza."

"Watu wanachezeshwa wiki nzima. Wanacheza kazini, wanacheza mbele ya bendera, wanacheza kamishna akipita. Wakae kidogo."

Papa Batteur, ambaye hakuwa amesikia kitu, aliuliza kwa sauti kubwa kama tunasema juu ya mashini. Tukamwambia ndiyo. Akasema itaharibika kwa vumbi, akaridhika.

Kwa Mama alikwenda Papa Solo peke yake, mimi nikamfuata kwa sababu sikukatazwa. Mama alikuwa nyuma ya kaunta anafuta bilauri. Alimsikiliza mpaka mwisho, na hilo lilikuwa heshima kubwa, maana hakuwa na desturi hiyo.

"Papa Solo, mimi nakuheshimu," akasema. "Mume wangu alinioa kwa muziki wako. Lakini nganda si kanisa. Nakupa siku ya Mungu moja. Watu wakikaa, wakanywa, mtapiga hicho na vyenu vyote hata mpaka mzikwe. Watu wakitoka, siku ya Mungu inayofuata mashini njo itapiga."

"Nimekubali, Mama."

Aliposema hivyo sikumwelewa. Siku ya Mungu ndiyo iliyowashikilia wazee wale. Kwa wiki nzima mmoja alikuwa mtu wa tiketi bila treni, mmoja mlinzi wa ghala tupu, na wengine wawili walikaa nyumbani wakiwasumbua wake zao. Saa nane mchana ya siku ya Mungu walichana nywele. Na yeye aliiweka yote mezani kwa ajili ya dakika kumi na saba.

Mazoezi yalifanyika karakanani, siku ya posho baada ya salongo. Mimi sikuitwa. Katika kipande hicho sikuwa na kazi, na Papa Solo aliniambia hivyo bila kuzunguka.

"Utakaa kwenye kigoda chako karibu na ngoma. Usiseme. Usisimame. Usichekeshe hata kwa macho."

"Kwa macho naweza kuchekesha bila kujua, Papa, mimi sijioni."

"Usiweze."

*

Siku yenyewe niliamka saa kumi ya alfajiri kuteka maji, kwa sababu bomba la mtaa wetu hutoa maji saa hizo na baadaye huguna tu. Kisha misa, na padri alikuwa na mambo mengi. Kisha jua la kabla ya mvua, lile linalobonyeza mji wote juu ya ziwa mpaka unaona hata mbuzi hawataki ugomvi. Saa nane tulianza. Tulipiga viatu mara mbili ili kuwatayarisha watu. Nilitupa kelele zangu. Walicheka. Niliwashukuru moyoni kwa kucheka haraka.

Saa kumi Papa Solo akachukua spoku ya baiskeli akaipenyeza kati ya nyuzi za gitaa. Watu wakadhani anatengeneza.

Kipande kilianza kwa basi, noti moja, inarudi, inarudi. Papa Batteur hakupiga ngoma. Alivuta fimbo juu ya kipande cha bati, taratibu, kama mtu anayefagia mbali. Gitaa likaingia na ile spoku ndani yake na ile spika iliyopasuka, na sauti iliyotoka haikuwa ya gitaa. Ilikuwa ya chuma kinachopoa. Mtu mmoja mbele akacheka. Mwingine akauliza kama umeme unakatika. Mwema wa siku hiyo alisimama kabisa kutuambia juu ya ndugu yake fundi, akavutwa shati na mkewe, akakaa.

Nilitazama saa ya ukutani, ambayo siku hiyo ilikuwa inatembea. Dakika ya nne, meza ya kwanza ilitoka: vijana wa benki, na viatu vyao vizuri. Dakika ya sita, meza nyingine, karibu na mlango. Mama alikuwa kwenye kaunta, hatazami jukwaa, anatazama chupa. Mwimbaji alikuwa amekaa na karanga zake kweli, anazimenya moja moja, uso kama wa mtu kwenye msiba wa jirani. Lakini wengine hawakutoka. Walinyamaza. Nje ya uzio mwanamke mwenye beseni la samaki kichwani alikuwa amesimama, hakulishusha.

Na mimi nilikuwa nasikiliza. Nasema kweli, ingawa najua mimi ni nani na kwa nini mtu asiniamini. Nilikumbuka nilipokuwa mdogo, Bibi alinipeleka gareni tupande kwenda Niemba, tukangoja siku mbili. Nililala juu ya gunia la samaki wakavu. Watu walipika, waligombana, walipatana, mwanamke mmoja alisukwa nywele zote na kuzifumua. Sikumbuki kuchoka. Nakumbuka kwamba hakuna mtu aliyetaka kitu kwangu. Kipande kile kilinirudisha huko. Kwa mara ya kwanza tangu miezi mingi nilikuwa mbele ya watu na hakuna aliyengoja niwachekeshe. Mabega yangu yalishuka. Sikujua kwamba nilikuwa nayabeba juu.

Dakika ya tisa nilipiga mwayo.

Haukuwa mwayo wa kuchoshwa. Ulikuwa wa mtu aliyepumzishwa. Ulitoka chini kabisa, kutoka saa kumi ya alfajiri, ukafungua taya zangu mpaka nikasikia zinalia. Na kwa kuwa mama yangu alinifunza adabu, niliinua mkono nifunike kinywa. Mkono wa kuume.

Papa Batteur aliona kinywa wazi na mkono juu. Akaondoka.

Ngoma zake zilianguka juu ya kimya kile kama bati zinazoshushwa kwenye gari. Mpiga basi, baada ya miaka yote ile, hangeweza kutomfuata hata kama angefungwa kamba, akamfuata. Mwimbaji alitupa karanga akaruka kwenye maikrofoni kama mfungwa aliyeachiwa. Papa Solo tu ndiye aliyebaki ndani ya kipande cha kungoja, peke yake, labda kwa mapigo manne au matano. Kisha akageuka. Hakumwangalia Papa Batteur. Aliniangalia mimi. Mkono wangu ulikuwa bado hewani, sikujua pa kuuweka.

Halafu vidole vyake vikaingia kwenye sebene.

Spoku ilikuwa bado imo kati ya nyuzi. Sijawahi kusikia sebene kama ile na wao pia hawajawahi kuipiga. Ilikuwa inagongana ndani yake kama mabehewa yanayovutwa. Watu waliinuka. Wale wa benki walirudi mbio kutoka barabarani. Mwanamke wa samaki alishusha beseni. Mama, ambaye kwa muda wote niliomjua hakuwahi kutoka nyuma ya kaunta isipokuwa kumfukuza mtu, alitoka akacheza, kidogo, kwa mabega, mbele ya mashini yake iliyofunikwa. Tuliendelea mpaka jasho lilipoingia machoni. Nilipiga kelele zote nilizokuwa nazo na nyingine nilizoziiba.

Kilipokwisha Mama alikuja mpaka jukwaani. "Hiyo ya treni," akamwambia Papa Solo, "siku ya Mungu ijayo tena. Mashini itapiga siku za kazi."

"Aksanti, Mama," akasema Papa Solo.

Mwimbaji alinikumbatia mpaka nikakosa hewa. "Mushenzi wewe," akasema, "umetuokoa. Uliona wanatoka, ukatuokoa."

"Alijua," mpiga basi akasema, moja kwa moja kwa shemeji yake. "Mutoto huyu anajua watu."

Mimi niliinama nikaokota karanga zilizotupwa. Kwa mtu wa aina yangu kunyamaza ni uongo mkubwa kuliko kusema.

"Ulipiga mwayo," Papa Batteur akaniambia, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. Wote wakacheka, wakadhani anatania. Papa Solo alikuwa ametugeuzia mgongo, anatoa spoku kwenye nyuzi, na hakugeuka.

*

Kesho yake baada ya masomo nilikwenda gareni. Hakuna aliyeniita. Wanafunzi wengine walikuwa wamenizunguka tangu asubuhi, habari ilishafika, wanataka niigize Mama anavyocheza. Niliigiza mara tatu kisha nikasema naumwa tumbo.

Papa Solo alikuwa nyuma ya dirisha lake. Mbele yake hapakuwa na mtu. Kwenye benchi la ukumbini familia moja ilikuwa imelala kati ya mizigo. Alinifungulia mlango wa pembeni, akanionyesha kiti.

"Treni?" nikauliza.

"Wanasema iko njiani."

Tulikaa. Kulikuwa na nzi mmoja na wote wawili tulimfuata kwa macho.

"Nitakuuliza jambo," akasema, "na nataka uache mchezo. Jana. Ulifanya kusudi?"

Nilikuwa nimefikiri juu ya hilo njia nzima. Nikisema ndiyo, basi nilichukua kipande chake nikakivunja, mbele ya watu, kwa kuwa sikuamini kwamba kitawashika. Nikisema hapana, basi kipande alichokaa nacho miaka kilinilaza usingizi, mimi niliyekaa karibu nacho kuliko wote. Ukweli wenyewe, kwamba nilipiga mwayo kwa sababu kilikuwa kizuri, niliujaribu kwa sauti ndogo barabarani, na hata mimi sikujiamini. Kwa mtu mwingine labda ungekubalika. Mimi nimewahi kumwambia perefe kwamba namwigiza kwa upendo.

"Kusudi, Papa," nikasema.

"Batteur anaapa ulipiga mwayo."

"Papa Batteur hasikii."

"Hasikii. Anaona."

Nzi alitua kwenye muhuri wa tiketi. "Niliona watu wanatoka," nikasema. "Nikafikiri mashini itachukua siku ya Mungu. Nikainua mkono."

Alinipima kama siku ile ya majani. Halafu nikaona kitu kinalegea usoni mwake, na sikuweza kusema kama ni afueni au kama ni mtu aliyekwisha kabisa kungoja. "Basi una sikio," akasema. "Mimi sikuona kwamba wanachoka. Nilikuwa ndani mno." Akafungua droo akatoa daftari kubwa la ratiba, lile la zamani lenye mistari ya saa. "Nionyeshe mahali."

Hakujua kuandika muziki. Alikuwa ameuandika kama ratiba ya treni. Kila mstari dakika moja: basi inaondoka, bati linapita, gitaa linasimama hapa, linangoja, linaondoka. Mistari kumi na saba, mwandiko wa biro, umenyooka. Nilikuwa sijawahi kuiona. Nilihesabu kwa kidole mpaka wa tisa.

"Hapa."

"Hapa walichoka."

"Hapa njo nilipoinua mkono."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei. Mimi macho yangu yalikuwa yameshuka chini ya kidole changu, kwenye mistari minane ambayo hakuna mtu wa Kalemie aliyeisikia. Ya mwisho ilikuwa mifupi sana.

"Mwisho wake ulikuwa namna gani?" nikauliza.

"Inafika."

"Treni?"

"Ndiyo. Lakini polepole sana. Hupigi ngoma, hupigi kitu kikubwa. Inafika mpaka muntu anasahau kama aliingoja." Aliangalia ukumbini, kwa wale waliolala. "Karakanani siku ya posho tulifika mara moja. Mara moja tu, wote watatu pamoja. Mpiga basi alilia, usimwambie nimekuambia."

"Papa," nikasema.

"Sema."

Ukweli ulikuwa pale, mdomoni, mzima. Kinywa changu, kinachofunguka kwa kila upuuzi, kikakaa kimefungwa.

"Hakuna, Papa."

Akachukua rula. Akaiweka chini ya mstari wa tisa, akavuta mstari mwekundu, kisha akaikata ile minane mmoja mmoja, bila haraka, wino ukikwama akaufukuza pembeni mwa karatasi na kurudi. Chini yake akaandika: sebene. Akapuliza wino ukauke, akafunga daftari, akaniuliza kama nimekula.